Karani Aliyeshtaki Injini

Mtu pekee niliyewahi kumwona akivaa tai kwenda ziwani ni jirani yangu wa Homa Bay, ambaye mtaa mzima ulimwita Karani. Tai yenyewe ilikuwa ya buluu, imefifia pale kwenye fundo. Aliifunga kila Jumapili akishatoka misa, akashuka ufuoni na spana mkono mmoja na kiti cha kukunja mkono wa pili, utadhani ameitwa kutoa ushahidi mbele ya samaki. Ukimwuliza tai ni ya nini, anakurudishia swali: "Wewe ukienda kwa watu unaenda kifua wazi?"

Alikuwa amestaafu mahakamani. Huko alifanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: karani wa kuita kesi, na mkalimani wa kutoa maneno kwenye Kijaluo na kuyapeleka kwenye Kiswahili, halafu kuyarudisha. Lakini kazi aliyoipenda moyoni ni ile ya kusimama hakimu akiingia na kusema "Kimya!" Neno hilo alilitamka kwa namna ambayo hata mtu asiye na la kusema alijiona ana hatia. Nasikia, maana mimi siendi mahali pa watu wengi, kwamba kuna jogoo aliyeletwa mahakamani kama kielelezo cha wizi, akawa anawika hovyo. Karani alimtazama na kusema lake. Jogoo yule hakuwika tena mpaka aliporudi kwa mwenyewe, na hata huko, wanasema, aliwika kwa adabu.

Mimi ni fundi wa makochi. Natoka upande wa Migori, kwetu ni kwa Wakuria. Nilikuja Homa Bay kushona viti vya mtu mmoja na sijaondoka mpaka leo, kwa uvivu wa kufunga mizigo tu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata cheti ambacho mama yangu alikificha chini ya godoro, akasema hapo ni salama. Salama kwa nani hakusema. Kazi yangu naifanyia barazani, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka barazani kwenda jikoni. Kijaluo changu kinatosha kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kusalimia. Ukipita hapo nabaki kutabasamu. Maji nayaogopa. Hata ya beseni nayaheshimu.

Utauliza basi, mtu wa namna hii aliingiaje kwenye habari za boti? Niliingia kwa sababu ya sponji. Nitafika hapo.

Boti ya Karani ilikuwa ya mbao, nyeupe, ina benchi mbili zinazotazamana na kivuli cha turubai. Iliundwa Mbita na mafundi wanaojua kazi yao, nao walimwuliza mara tatu ataweka nyavu wapi. Hakuwa na nyavu. Alitaka boti ya kutembea. Kule ufuoni boti ni kama jembe, na hakuna mtu anayetembeza jembe Jumapili. Kwa hiyo wavuvi walimzunguka siku ile ya kwanza wakataka kuelewa.

"Karani, hii boti inavua nini?"

"Haivui."

"Inabeba abiria?"

"Inanibeba mimi."

"Inakupeleka wapi sasa?"

"Inanirudisha."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. "Yawa! Mzee anaenda kurudi!"

Shida ilikuwa injini. Karani aliitoa Migori, kwenye mashine ya posho iliyofungwa. Ni injini ya dizeli ya silinda moja, ina gurudumu zito ubavuni, ile ambayo ikisaga mahindi unaisikia ukiwa bado hujaamua kwenda kusaga. Aliifunga kwenye mbao za boti kwa nati nne, akaunganisha shafti na propela, akaiwasha. Mlio wake ulipanda mpaka barazani kwangu nikajidunga sindano. Na kabla hajafika mbali, akina mama watatu kutoka mtaa wa juu waliteremka na mikebe ya gorogoro imejaa mahindi vichwani. Walikuwa wamesikia mashine, wakajua mashine imefunguliwa. Karani aliporudi aliwakuta wamesimama kwenye mstari.

"Baba, foleni inaanzia hapa?"

Karani, tai shingoni, miguu ndani ya maji, aliwaambia kwa unyenyekevu kwamba hana mamlaka ya kusaga. Mmoja hakuridhika. "Sasa ukiwasha mashine na husagi, si ni kudanganya watu?" Mpaka leo wako wanaoamini kwamba Karani alikuwa anasagia watu fulani fulani tu, kwa kujuana.

Sasa lazima nimlete mke wake, maana bila yeye boti hii ni mbao tu. Karani alimwita Nyar Awendo, yaani binti wa Awendo, kule kwenye miwa, na mimi nilimwita Mama. Alikuwa Msabato na Karani Mkatoliki. Jumamosi ilikuwa ya mama na kanisa lake, Jumapili asubuhi ilikuwa ya mzee na misa yake. Siku za kazi mzee alikuwa na wageni wa kuandikiwa barua. Ukihesabu, walibaki na mchana wa Jumapili peke yake. Mchana huo ndio Karani aliununulia boti.

Aliniambia mwenyewe, siku moja amekuja kutazama ninavyofunga springi. "Fundi, mimi nimenyamazisha watu miaka thelathini. Jioni nafika nyumbani nimechoka, nanyamazisha na wa nyumbani. Sasa watoto wameenda zao. Huyu mama ana maneno yangu, anayaweka. Nataka kumsikia. Lakini hapo nyumbani kuna redio, kuku, wageni. Nikaona ziwani ndiyo mahali."

"Maneno gani, Mzee?"

Akasafisha koo. "Ya ng'ombe."

Hadithi ya ng'ombe niliipata kidogo kidogo, nusu kwake na nusu kwa mama. Walikutana mahakamani. Yeye alikuwa msichana, shahidi wa baba yake: fahali wa jirani alikuwa ameingia kwenye shamba lao la miwa akalifanya la kwake. Hakimu akauliza, "Ulimwona huyo ng'ombe kwa macho yako, au uliambiwa?" Karani akageuza swali kwa Kijaluo. Msichana akajibu. Alijibu kwa muda mrefu sana, kwa mikono pia, akaeleza umande, ua, pembe na mkia, mpaka hakimu akaweka kalamu chini na kutazama saa. Alipomaliza, Karani, ama kwa sababu ya ile saa ama kwa sababu alikuwa amemtazama msichana kuliko alivyomsikiliza, aligeuka akasema:

"Anasema ndiyo, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Baba yake akashindwa kesi. Na msichana yule alimsubiri Karani nje, chini ya ukuta wa mahakama, amtapishe maneno yake yaliyobaki. Alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata. Alikuja kudai maneno, akaolewa kabla ya kuyapata.

Basi safari yao ya kwanza ya boti ilikuwa hivi. Nyar Awendo alikaa benchi ya mbele, mzee benchi ya nyuma, injini katikati kama mgeni wa heshima. Mama akafungua mdomo. "Ati?" akasema Karani. Mama akarudia. "Ati?" Walikwenda hivyo, yeye akisema na mzee akiuliza ati, mpaka wakageuka wakarudi. Mama alipokanyaga mchanga meno yake bado yalikuwa yanagongana. Alishika kidevu kwa mkono yakatulia, ndipo akasema mbele ya wavuvi wote:

"Karani, nisikilize, maana hapa nasikika. Siku nitakayokohoa ndani ya hiyo kitu na wewe ukaniambia pole, siku hiyo nitapanda tena. Kabla ya hapo usiniite."

Akapanda kilima bila kugeuka. Karani alibaki amesimama na spana. Nami kutoka barazani niliona mtu amepewa hukumu.

Mwingine angeuza ile injini. Karani aliifungulia kesi. Sisemi kwa mfano. Alichukua faili la rangi ya udongo, la mahakamani kabisa, sikumwuliza alilitoa wapi, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa kulalia upande: *Jamhuri dhidi ya Injini*. Alikuwa na utaratibu wake. "Hatukamati kijiji kizima," alisema. "Tunashika mmoja, tunamsikiliza, tunaamua. Halafu tunashika mwingine." Kila Jumapili mshtakiwa alikuwa mmoja, na ushahidi ulikuwa kikombe cha maji alichokiweka juu ya benchi ya mama. Boti ikiwashwa, kikombe kile kilitembea chenyewe mpaka ukingoni kikaruka, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa ekzosi. Kwenye mashine ya posho bomba la moshi ni fupi na limevishwa mkebe, na ule mkebe ndio unaopiga zile kelele zinazoita watu na mahindi. Karani akautoa, akaunganisha bomba refu na chungu cha chuma chenye matobo ndani, mdomo ukatazama nyuma. Kweli, kelele ya juu ikapungua. Akina mama wa mtaa wa juu hawakushuka tena. Lakini kikombe kilitembea vilevile. Ekzosi ikapatikana na kosa dogo, ikaonywa.

Mshtakiwa wa pili alikuwa hewa, na hapo ndipo nilipoingia mimi. "Fundi," alisema, "sauti inapita kwenye hewa. Tuifungie." Akatengeneza sanduku la mbao la kufunika injini, nami nikalijaza sponji. Naomba nieleweke: mimi nikiona nafasi wazi kwenye kitu naijaza, ndiyo kazi yangu. Nilijaza juu, kando, pembeni, nikasukumiza kwa ngumi. Ilikuwa kazi safi kabisa. Injini haikuwa na pa kupumulia. Karani alifika nusu ya ghuba akarudi kwa makasia, moshi mweusi unamfuata, na boti inanuka kama sebule iliyoungua. Ile sponji ilikuwa imekunywa dizeli halafu ikaota moto. Alipanda mpaka barazani kwangu, uso mweusi, tai sawa, akafungua faili na kunisomea alichoandika: "Shahidi Fundi ametoa ushahidi wa uongo."

"Mzee, mimi nimeleta sponji nzuri."

"Shahidi anyamaze."

Hapo nilimwelewa yule jogoo.

Washtakiwa wa tatu walikuwa zile nati nne, na hapo haki ilipotea kabisa. Karani aliheshimu kitu kilichokaza. Kola yake ilikaza, kamba ya viatu ilikaza, mtungi wa maji kwake ulihitaji wanaume wawili kuufungua. Aliamini kwamba kilichokaza hakina hatia. Na ufuo mzima uliamini naye, maana wote walijua injini ile kutoka kwenye mashine ya posho, na mashine ya posho inafungwa kwenye saruji. Ikilegea inatembea inasaga ukuta. Kwa hiyo akishuka na spana namba kumi na tisa, wavuvi waliacha nyavu wakamtia moyo.

"Kaza, Karani!"

"Nimekaza!"

"Ongeza kidogo! Hiyo ndiyo inaleta nyege!" alipiga kelele mmoja, kwa Kiswahili chake, akimaanisha mtetemo, akakemewa na mama muuza samaki.

Akaongeza. Kila alipoongeza, kikombe kiliruka mapema. Yeye akaona ni kwa sababu hajakaza vya kutosha. Mbao za boti zilianza kuimba zenyewe. Ukigusa ukingo mkono unawasha mpaka kwenye kiwiko. Mwishoni nati zikaachiliwa huru kwa kukosa ushahidi, na Karani akatamka neno lake la pili kwa kupenda: "Imeahirishwa."

Neno hilo alilitumia kwa kila kitu. Mvua ikinyesha, safari imeahirishwa. Jino likiuma, daktari ameahirishwa. Niliwahi kumwona akitenganisha mbwa wawili kwa kuwaahirisha, na sijui walielewa nini, lakini walikwenda kila mmoja njia yake.

Usifikiri mpenda kimya huyu alikuwa mkimya. Redio yake ilisikika kwangu kuliko yangu. Misani alianza wimbo kabla ya kwaya na kumaliza baada yao. Alikuwa anakuja barazani, ananiambia, "Fundi, napenda hapa kwako, pametulia," halafu anaongea mpaka nasahau kochi ninaloshona ni la nani. Na jambo jingine sikulielewa kwa muda mrefu. Mahakamani alijulikana kwa kukata maneno ya watu, lakini barua za wajane na wazee aliziandika zote, neno kwa neno, hata za matusi. Bibi akisema "mwambie nimekohoa nikiandika hii," Karani anaandika kwamba amekohoa. Nikamwuliza siku moja kwa nini hafupishi.

"Hapa hakuna mtu ananitazamia saa," akasema, akaendelea kuandika.

Aliyemaliza kesi alikuwa shemeji yake, mdogo wa Nyar Awendo, makanika wa matrekta, yale matinga ya kuvuta miwa huko Awendo. Alikuja kusalimia dada yake na fungu la miwa begani. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhani kwa sababu matinga yalikuwa yameongea kwa niaba yake miaka mingi. Dada yake alimwambia, "Nenda uone mambo ya shemeji yako." Akashuka ufuoni, akaomba injini iwashwe, akaweka kiganja juu ya ubao, akafumba macho. Tuliozunguka tulinyamaza bila kuambiwa. Akafumbua.

"Nani alikaza hivi?"

"Mimi," alisema Karani, kwa fahari.

"Legeza."

"Shemeji, kitu kinatikisika nikilegeze?"

"Injini ni ya kutikisika. Hii ina silinda moja. Kila ikipiga lazima iruke. Kwa posho imeshikwa na saruji, saruji haiendi mahali. Hapa umeishikanisha na mbao, sasa boti yote inaruka nayo. Wekea kitu laini katikati. Iruke yenyewe, boti ikae."

Karani alikaa polepole kwenye kiti chake cha kukunja. Mimi nilishika kichwa. Miaka yote naweka mikanda ya mpira chini ya makalio ya watu wa Homa Bay, na haikunijia hata siku moja kwamba injini nayo inataka kochi! Nilikimbia nyumbani nikarudi na mikanda yangu yote ya tyubu. Tukailaza injini juu yake, tukawasha, ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango, ikakaribia kutoka botini iende zake. "Laini sana," alisema Shemeji, akanirudishia mikanda yangu bila kunitazama. Wiki iliyofuata alileta vipande vinene alivyokata kwenye gurudumu bovu la tinga. Tukaweka kimoja chini ya kila mguu wa injini, na nati zikakazwa kwa kiasi, vidole viwili tu kwenye spana. Karani alifanya hivyo huku amegeuza uso pembeni, kama mtu anayechinja mnyama aliyemfuga.

Kazi ndefu ilikuwa ya shafti. Injini ikishaanza kucheza peke yake, lazima itazamane sawa na shafti, la sivyo inaikunja na kelele zinarudi kupitia mlango mwingine. Shemeji alipitisha wembe kati ya visahani viwili vya chuma, cha injini na cha shafti, vinapokutana, juu, chini, kushoto, kulia, akiinua mguu huu kidogo na kushusha ule, mpaka wembe ukaingia sawasawa pande zote. Halafu katikati ya visahani akaweka duara la mpira. Sanduku langu nalo likarudi, safari hii sponji imebandikwa kwa juu tu, mbali na moto, kuna bati kati yake na injini, na matundu ya hewa. Karani akafungua faili: hukumu ya nati imetenguliwa, na shahidi Fundi amesamehewa.

Ikawashwa. Ilisikika, sitasema haikusikika. Ni injini, si paka. Lakini ilisikika kama mtu anayepiga godoro nyumba ya tatu. Tulitazama kikombe. Kikombe kilikaa.

Jumapili ile Nyar Awendo aliitwa. Alishuka na mkoba wake na kitambaa cha kichwa cha kanisani, akapanda bila kumtazama mtu. Wakaondoka. Ufuo mzima ulisimama. Wakiwa wamefika mbali kiasi cha kuonekana wadogo, tulisikia kikohozi. Kisha sauti ya Karani, safi, juu ya maji:

"Pole!"

Wavuvi walipiga makofi. Yule mama muuza samaki akapiga kigelegele. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba maji yakitulia hubeba sauti, na sasa hakukuwa na injini ya kuizuia. Tukamsikia Nyar Awendo akianza, kwa Kijaluo, kila neno mahali pake. Nilishika neno moja, *ruath*, fahali. Wavuvi wakakaa chini kusikiliza vizuri.

Haikufika dakika tano. Ghafla kelele za zamani zikarudi, du-du-du-du, boti ikatetemeka, na sauti ya mama ikazama ndani yake. Wakarudi. Meno ya mama yalikuwa yanagongana.

"Nati imejikaza yenyewe," alisema Karani, akitazama mlima.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo tena: kikohozi, pole, fahali, du-du-du. Na nyingine. Mimi si makanika, lakini nati inayojikaza kila ikisikia habari za ng'ombe ni nati ya kushangaza. Shemeji alinieleza bila kutaja mtu: ukichukua nati moja ukaikaza mpaka mwisho, mpira unabanwa, chuma kinagusa chuma, na boti inaruka kama zamani. Inatosha mkono mmoja chini ya benchi na spana namba kumi na tisa. Nilimtazama Karani kwa macho mapya. Mtu alikuwa amehangaika karibu mwaka mzima aondoe kelele ili amsikie mke wake, na alipofika mlangoni akajiwekea kelele ya akiba. Alikuwa anaogopa. Alijua mwisho wa yale maneno kuna mzee wa Awendo aliyeshindwa kesi kwa sababu ya "ndiyo" moja. Kila Jumapili alikuwa anaahirisha.

Miaka ikapita namna hiyo. Karani akakonda, hatua zikawa fupi, tai ikawa ndefu kuliko kifua. Mimi sikupanda boti ile hata mara moja, na nilipanga nife bila kupanda. Mpaka Nyar Awendo aliposimama mbele ya baraza langu.

"Fundi, Jumapili unakuja na sisi."

"Mama, mimi na maji..."

"Unajua Kijaluo?"

"Sijui, Mama. Omena tu."

"Basi ni wewe nataka."

Mama wa namna ile hakataliwi. Usiku kucha nilijishonea koti la sponji, nene, la kifua na mgongo, la kunifanya nielee. Karani aliponiona ufuoni alinikagua juu mpaka chini. "Hiyo ikinywa maji itakupeleka chini upesi kuliko jiwe," alisema. Nikapanda hivyo hivyo, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, nikakaa benchi ya mama, yeye kando yangu na mkoba magotini. Tukaelekeza pua upande wa Mbita. Injini ilipiga godoro lake taratibu. Ziwa lilikuwa limelala.

Nyar Awendo akakohoa.

"Pole," alisema Karani.

"Asante. Fundi hapa ameniuliza kama nilimwona ng'ombe kwa macho yangu, au niliambiwa. Si umeniuliza, Fundi?"

Sikuwa nimeuliza kitu. Nilikuwa nasali. "Nimeuliza, Mama."

Nikaona mkono wa Karani unateremka chini ya benchi. Ukatafuta kushoto. Ukatafuta kulia. Ukashika kiatu changu, ukakiachia.

"Unatafuta nini, Karani?"

"Hakuna."

Mama akafungua mkoba. Ndani kulikuwa na kitabu cha nyimbo, leso, na spana namba kumi na tisa. Alituonyesha kama kielelezo, kisha akafunga mkoba na kuukalia.

Halafu akaongea. Aliongea Kijaluo cha ndani kabisa, cha Awendo, kwa mikono, kama wanavyosema aliongea siku ile. Karani alitazama sakafu. Mahali fulani katikati aliinua macho akamtazama, na hakuyateremsha tena. Mama alipomaliza alishusha pumzi na kunigeukia, akingoja. Mimi nikamgeukia Karani.

"Anasema nini?"

Sijui alipata wapi nguvu, lakini alisimama. Ndani ya boti, mzee yule, bila kushika kitu, na boti haikutikisika.

"Anasema," alianza, "kwamba alimwona kwa macho yake. Kulikuwa na umande. Alikuwa anakwenda kuteka maji, na ndoo ilikuwa imetoboka, ile ya kijani. Anasema alisikia miwa ikivunjika, akadhani ni watu. Fahali alikuwa na pembe moja imeinama hivi. Alikuwa amekula mistari minne na kulalia wa tano. Anasema alimrushia ndoo. Anasema alipiga chafya."

"Mara mbili," alisema mama.

"Mara mbili. Anasema mwenye ng'ombe alikuja akacheka, akamwambia binti mdogo hawezi kuaminiwa na mtu. Anasema baba yake alimwambia, wewe sema tu yote, watakusikia." Hapo akamgeukia mama. "Anasema alisema yote."

Hakuruka hata mkia. Akasimama pale, na wote wawili wakanitazama. Ilinichukua muda kutambua kwamba wanangoja hakimu, na hakimu ni mimi, mwenye cheti chini ya godoro na sponji kifuani.

"Ng'ombe ana makosa," nikasema.

"Andika," mama akamwambia mumewe.

Karani alitoa faili chini ya benchi yake, akaandika, akapuliza wino. Nikaona basi, tumemaliza, sasa turudi nyumbani kwetu kwenye nchi kavu. Mama akajiweka vizuri juu ya mkoba wake.

"Sasa," akasema, "kesi ya pili. Ile ya harusi yetu, na maneno aliyosema mama yako jikoni."

Nikaomba iahirishwe. Hakuna aliyenisikia. Karani aliinua mkono shingoni, akaikaza tai, maana ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kukaza, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Anasema," akaanza.